Ukiomba uzamili wa dramatujia, andika ulichokiona

Vijana wa Lamu wanaotaka kusomea uhakiki wa tamthilia katika ngazi ya uzamili huanza kwa kuuliza karo, na wana haki. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kina kozi ya miaka 3 ya dramatujia na uhakiki wa tamthilia. Tangu 2021 wanafunzi wa shule yake ya drama hawalipi karo, baada ya wakfu wa David Geffen kutoa dola milioni 150. Gharama za kuishi ni hesabu nyingine. Ujerumani nako masomo haya yapo, ila mengi ni kwa Kijerumani.

Dramatujia ni kazi ya yule anayesoma miswada, kuchunguza enzi ya mchezo, kupima tafsiri na kumuuliza mwongozaji: kwa nini tuuigize mchezo huu leo, mbele ya watu hawa? Lessing, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, aliajiriwa kwa kazi ya namna hiyo Hamburg mwaka 1767. Watu wa pwani yetu pia wameipita njia hii ya masomo: Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile, aliandika tasnifu yake ya uzamivu Berlin kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki.

Kinachowaangusha wengi ni kielelezo cha maandishi, yaani insha inayoambatishwa kwenye maombi. Alama nzuri wanazo, lakini insha huanza hivi: “Lamu ina utamaduni tajiri tangu jadi.” Futa. Hiyo ni lugha ya vipeperushi vya watalii, na msomaji wa kamati ya udahili hapati humo dalili yoyote kwamba unajua kutazama.

Chukua kirumbizi, ngoma ya fimbo ya Lamu. Wanaume wawili wenye fimbo wako katikati, ngoma inalia, watu wamewazunguka. Nani anaingia kwanza, na anaombaje nafasi? Pigo likikaribia uso, mpiga ngoma anafanya nini? Watazamaji wanamshangilia fundi au jasiri? Ukijibu hayo kwa kurasa tatu, kisha ukayapambanisha na tamthilia moja uliyoisoma vizuri, tayari unahakiki. Goma, ngoma nyingine ya Lamu, nalo lina utajiri huo: safu ya wanaume wenye kanzu na bakora, mwendo wa taratibu ambao mgeni hudhani hauna tukio. Eleza tukio liko wapi.

Lakini tahadhari: usiandike kwamba Maulidi ni “maonyesho ya jukwaani”. Ni ibada, na wazee wa Msikiti wa Riyadha watakuwa na haki ya kukasirika. Mhakiki mzuri huanza kwa kujua anachokitazama ni nini.

Chagua wa kukuandikia barua za mapendekezo miongoni mwa waliosoma kazi zako. Mhadhiri wa kawaida anayeikumbuka insha yako ana faida kuliko profesa asiyekujua. Waombe mapema, uwape na nakala ya insha hiyo.

Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2, basi usikimbilie kufanya mtihani kabla hujajua mwaka utakaoomba. Mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa na ada ya mtihani si pesa ndogo. Ada ya fomu ikikushinda, waandikie chuo ukiomba kusamehewa. Vingi vina utaratibu huo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari, kwa hiyo kamilisha rasimu kabla Oktoba haijaisha.