ΔH ni hasi wakati kipimajoto kimepanda, inakuwaje?

Wengi wakiona ΔH, yaani badiliko la enthalpi, wanakimbilia fomula, namba inatoka safi kabisa ila alama imegeuka, na kwenye enthalpi alama ndo nusu ya jibu.

Enthalpi, yaani H, ni nishati ya ndani ya kitu ukajumlisha na presha mara ujazo wake: H = U + pV. Usihangaike kuitafuta H yenyewe maana hakuna chombo cha kuipima, tunachokipata ni badiliko tu. Uzuri wake ni kwamba presha isipobadilika, na hakuna kazi nyingine inayofanyika kama ya umeme, ΔH inakuwa sawasawa na joto lililoingia au lililotoka. Na kwa kuwa kemia nyingi inafanyika kwenye chombo kilicho wazi, presha ikiwa ni ile ya hewa tu, unaona kwa nini wanaipenda kuliko U.

Tupige hesabu. Chukua mililita 50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita, mwagia mililita 50 za sodiamu haidroksaidi ya nguvu hiyohiyo, halafu tuseme halijoto imepanda digrii 6.8. Joto ni masi mara joto mahususi (joto la kupandisha gramu moja kwa digrii moja) mara badiliko la halijoto, kwa hiyo gramu 100 × 4.18 × 6.8 = juli 2,842 hivi. Moli zilizomenyuka ni 0.05, gawanya, unapata kilojuli 56.8 kwa moli, na jibu unaandika −56.8. Mbona hasi? Kwa sababu kipimajoto kiko ndani ya maji, na maji ndo yamepokea, mmenyuko wenyewe umetoa, na ΔH tunayoiandika ni ya mmenyuko sio ya maji. Ukilielewa hilo umeshamaliza kazi kubwa. (Kikombe chako kikivujisha joto namba itashuka, tarajia hivyo.)

Sasa kuna mimenyuko haipimiki moja kwa moja. Kaboni ukiiunguza kwa oksijeni kidogo ili upate monoksaidi peke yake, dioksaidi nayo inajichomeka tu. Hapo anaingia mwanakemia Germain Hess, 1840: njia yoyote utakayopita, mwanzo na mwisho vikiwa vilevile, jumla haibadiliki. Kaboni mpaka dioksaidi ni −393.5, monoksaidi mpaka dioksaidi ni −283.0, toa ya pili kwenye ya kwanza, unabaki na −110.5 kilojuli kwa moli bila hata kuwasha moto.

Ndo hapohapo inapotoka ile ya mazao kutoa vianzio kwa kutumia enthalpi za kuundwa, yaani ΔH ya kuunda moli moja ya kitu kutoka elementi zake. Methani ikiungua: dioksaidi −393.5, maji −285.8 mara mbili (hiyo mbili watu wanaisahau balaa), toa methani −74.8, oksijeni ni sifuri kwa kuwa ni elementi katika hali yake ya kawaida. Inakuja −890.3. Lakini angalia, maji yakiwa mvuke tumia −241.8 na jibu linakuwa −802.3, tofauti ya kilojuli 88 kwa herufi moja tu ya hali, (l) ya kimiminika au (g) ya gesi, ambayo hukuisoma!

Ukitumia nishati za bondi mpangilio unageuka, unachukua zilizovunjwa unatoa zilizoundwa, na hapa ndo wengi wanapigwa. Kuvunja bondi kunakula nishati, kuunda kunatoa, basi. Haidrojeni na klorini: 436 + 242 unavunja, unaunda mbili za 431, inabaki −184 kwa moli mbili za haidrojeni kloraidi. Kwenye molekuli kubwa zaidi namba za bondi zinakuwa za wastani, halafu ni za gesi tu, kwa hiyo jibu lako likipishana kidogo na la jedwali usianze kulifuta.