Maji hayapozi, hubeba joto tu: dhana potofu kuhusu kompyuta ndogo za maji hapa Amu

Mwishoni mwa kaskazi chumba cha orofa ya juu hapa Amu, mji wa Lamu, hufikia nyuzi 32 za selsiasi ikifika alasiri, na upepo unaoingia dirishani huja na unyevu na chumvi. Kijana anayehariri video za harusi na za Maulidi husikia feni za kompyuta yake zikivuma kama mashine ya kusaga nafaka. Kisha siku moja huona picha ya kasha dogo la kompyuta lisilozidi ujazo wa debe moja, ndani yake mipira ya maji imepindwa vizuri na rejeta imebanwa ubavuni, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo dawa ya joto la pwani. Nimeziunda mashine za namna hii kwa mikono yangu, nazipenda, na ningefurahi kuona vijana wengi zaidi wakiziunda. Ndiyo maana nasikitika ninapoona fedha za mtu zikipotea kwa sababu ya maneno ambayo yangeweza kusahihishwa mapema.

Dhana inayozaa nyingine nyingi ni kwamba maji ni baridi, kwa hiyo yakipita kwenye kompyuta huipoza. Maji yaliyomo ndani ya mashine hayana ubaridi wowote wa kutoa. Kazi yake ni kuchukua joto kutoka kwenye bloku ya shaba, yaani kile kipande chenye mifereji myembamba kinachokaa juu ya prosesa au kadi ya picha, na, yakisukumwa na pampu, kulipeleka kwenye rejeta, ambako feni huliondoa kwa hewa ya chumbani. Yanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko hewa kwa sababu lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa kwa kila uzi mmoja wa ongezeko. Hata hivyo mpokeaji wa mwisho ni hewa ile ile ya chumbani, na maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo hata rejeta ikiwa kubwa namna gani.

Hapo ndipo hesabu za watu wa nchi za baridi zinapotupotosha. Husemwa kwamba urefu wa milimita 120 wa rejeta unatosha kwa kila kifaa kinachopozwa, na kwa hiyo rejeta ya milimita 240 inatosha prosesa na kadi ya picha. Kauli hiyo imetokana na vyumba vya nyuzi 20 au 22. Tuseme rejeta fulani, kwa kazi fulani, huyaacha maji yakiwa juu ya hewa ya chumba kwa nyuzi 14. Kwenye chumba cha nyuzi 20 maji yatakuwa na nyuzi 34, na kwenye chumba cha nyuzi 32 yatakuwa na nyuzi 46, bila kifaa chochote kuharibika wala kosa lolote kufanyika. Anayetaka kujua kama mashine yake imeundwa vizuri aangalie ile tofauti kati ya maji na hewa, maana joto la maji peke yake halimwambii kitu asipojua joto la chumba. Nyuzi 46 si maafa. Pampu nyingi za kazi hii zimewekewa kikomo cha maji cha nyuzi 60, lakini mtu aliyeanza na nyuzi 32 chumbani amekwisha kula sehemu kubwa ya nafasi aliyopewa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wa pwani ni kupunguza umeme unaoliwa na kadi ya picha kwenye programu yake kabla ya kufikiria kununua rejeta ya pili ambayo kasha dogo halina pa kuiweka.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni tangi kubwa, kwamba maji mengi yatalimeza joto. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa kwa kalamu. Mzunguko wa kasha dogo huwa na maji nusu lita hivi. Kuyapandisha uzi mmoja kunahitaji joto la jouli 2,090, na mashine inayotoa wati 300 huzimaliza hizo kwa sekunde saba. Rejeta isingekuwepo, maji yangepanda kutoka nyuzi 30 hadi 45 kwa muda usiofika dakika mbili. Ukiongeza tangi la nusu lita nyingine umenunua dakika mbili nyingine, kisha joto hukaa pale pale ambapo lingekaa. Tangi lina faida ya kurahisisha kujaza maji na kutoa mapovu, nalo lichaguliwe kwa sababu hiyo.

Vivyo hivyo kwa wanaobishana kama maji yapite rejeta kabla ya prosesa au baada yake. Kwa mwendo wa lita nne kwa dakika na joto la wati 300, maji yanapanda uzi mmoja tu katika mzunguko mzima, hivyo mipira ipitishwe pale inapokuwa mifupi na isiyojikunja.

Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani, aliyeniona nikiunda mashine kwenye daka la nyumba yetu, aliniambia: "Mwanangu, hiyo itatoa jasho kama chupa ya soda, na umeme na jasho havipatani." Hofu yake ina mantiki, maana kila mkaazi wa Amu ameona chupa ikilowa mara tu inapotoka kwenye friji. Lakini jasho hutokea pale kitu kinapokuwa baridi kuliko kiwango ambacho unyevu wa hewa huanza kugeuka maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hufikia kiwango hicho kwenye nyuzi 25 hivi, ilhali maji ya kompyuta huwa wakati wote juu ya joto la chumba. Hayawezi kutoa jasho. Anayepata hasara ni yule anayetumbukiza barafu kwenye tangi kwa kudhani anasaidia, kwani maji yakishuka hadi nyuzi 15 mipira, bloku na hata bodi kuu iliyo chini yake vitalowa kwa dakika chache. Na ikiwa mashine imelala kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali kisha ikatolewa nje, iachwe saa moja au mbili ipate joto la mahali kabla ya kuwashwa.

Suala la maji yenyewe ndilo linaloharibu mashine nyingi zaidi kuliko yote niliyokwisha kutaja. Watu hudhani maji safi ya kunywa ni safi pia kwa shaba. Maji ya mfereji wetu, yanayotoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela, yana madini na chumvi. Maji ya chupa ya dukani nayo yana madini, mengine huongezwa kwa makusudi ili yapate ladha. Maji ya mvua yaliyokusanywa birikani yana madini machache, lakini yamepita juu ya paa lenye vumbi na kinyesi cha ndege. Wengine hukinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi wakisema hayo ni sawa na yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, jambo ambalo lina nusu ya ukweli: yametokana na mvuke, ila yametiririka juu ya mapezi ya alumini yenye uchafu na ukungu, na vijidudu vyake vitazaana vizuri ndani ya tangi lenye vuguvugu. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu, au kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Ukienda kituo cha mafuta kuulizia "maji ya betri" soma karatasi ya chupa kwa makini, kwa maana jina hilo hilo wengine hulitumia kwa asidi ya betri, na asidi itaila bloku yako. Kulanti ya gari nayo si ya kumiminwa kama ilivyo.

Baada ya maji, metali. Seti za bei nafuu mara nyingi huja na rejeta ya alumini na bloku ya shaba, na mnunuzi huamini kwamba vikiwa katika sanduku moja basi vinapatana. Mafundi wa boti hapa gatini wanaelewa jambo hili kuliko muuza kompyuta yeyote. Kila mwenye mashine ya boti anajua kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mashine ili kiliwe chenyewe, mashine ibaki salama. Metali mbili tofauti zikiunganishwa ndani ya maji yanayopitisha umeme, ile dhaifu huliwa, na kati ya shaba na alumini inayoliwa ni alumini. Mzunguko wangu wa kwanza ulikuwa wa namna hiyo. Baada ya miezi minne niliufungua kwa sababu joto la prosesa lilikuwa likipanda kila wiki, nikakuta mifereji ya bloku imezibwa na utando mweupe ulioteleza kama ute wa yai, na ndani ya mdomo wa rejeta kulikuwa na vishimo vinavyoweza kuhisiwa kwa ncha ya sindano. Muuzaji aliniambia ni kawaida. Si kawaida. Rejeta inunuliwe ya shaba, bloku ziwe za shaba au zilizopakwa nikeli, na kama dukani hakuna anayeweza kukuambia rejeta ni ya metali gani, fedha zibaki mfukoni. Hata rejeta mpya nzuri isuuzwe kwa maji moto yaliyokenekwa mara kadhaa, kwa sababu hubakia mabaki ya dawa ya kulehemu ndani yake.

Kuvuja ndiko kunakoogopwa kuliko yote, na kwa bahati mbaya hofu hiyo ndiyo inayosababisha kuvuja. Fundi bomba akiitwa kusaidia hufunga kila kiungo kwa tepu nyeupe kisha hukaza kwa spana, kama anavyofanya kwenye mfereji wa jikoni. Viungo vya kompyuta havizuii maji kwa meno ya skrubu. Vinazuia kwa oringi, ule mpira mdogo wa duara unaobanwa kidogo tu, na kukaza kwa vidole kunatosha. Tepu huizuia oringi kukaa sawasawa, na spana huipasua akriliki ya tangi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo,, ufa mwembamba kama unywele unaoanza kutoa tone siku ya tatu. Kabla ya kumimina maji yoyote, jaza hewa kwa pampu ndogo yenye geji hadi nusu ya ba, kipimo cha mgandamizo, na usubiri nusu saa: mshale usiposhuka, viungo ni vizima. Baadaye, maji yakiwa ndani, iendeshe pampu peke yake kwa saa 24, karatasi za shashi zikiwa chini ya kila kiungo na vifaa vingine vyote vikiwa havina umeme.

Usidanganywe pia na kulanti inayouzwa kwa sifa kwamba haipitishi umeme. Huenda haipitishi ikiwa bado chupani. Ikishazunguka kwenye metali hubeba chembe zake, na ikidondoka juu ya bodi iliyokaa miezi sita karibu na bahari hukuta tabaka la vumbi na chumvi linaloyeyuka papo hapo. Ikivuja, zima, chomoa, kausha.

Kuhusu kasha lenyewe, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kudhani kwamba maji yakishaingia kasha linaweza kufungwa kabisa ili chumvi isipate njia. Bodi kuu ndogo ya sentimita 17 kwa 17 ina vipande vinavyogawa umeme kandokando ya prosesa, ina kumbukumbu (RAM), ina diski ya M.2, ile nyembamba ya kuhifadhia mafaili, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoguswa na maji. Zamani feni ya prosesa ilivipulizia hewa bila mtu kujua, na ilipoondolewa vikabaki vikiiva. Katika ujazo wa debe moja ni lazima hewa ipite. Mimi huelekeza feni za rejeta zipulize nje, ingawa maji hupata joto zaidi kidogo, kwa sababu hewa ya moto ya rejeta ikiingizwa ndani ya kasha finyu hivyo huviangukia vile vipande visivyoguswa na maji. Chumvi huzuiwa kwa wavu unaooshwa kila mwezi na kwa kuifuta mashine vumbi, kazi isiyo na njia ya mkato.

Na chumba hakitapoa. Wati 400 zinazotoka ukutani zitaishia chumbani zote, pamoja na zile chache za pampu. Ukimya upo, ila kwa yule tu aliyepata rejeta ya kutosha kiasi cha feni kwenda polepole.

Kasha dogo lina ugumu mmoja ambao picha hazionyeshi, nao ni mapovu. Pampu hulainishwa na maji yale yale, hivyo ikizunguka kavu kwa muda mfupi huanza kujila. Tangi liwe juu yake, maji yaingie kwanza, pampu iwashwe sekunde chache na kuzimwa, maji yaongezwe, kisha kasha liinamishwe taratibu upande huu na ule hadi sauti ya mapovu ndani ya rejeta iishe. Nimewahi kufanya hivyo tangu baada ya isha hadi karibu na usiku wa manane kwa mashine moja, na povu la mwisho lilitoka asubuhi yake. Kisha kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili maji yamwagwe na kubadilishwa, mapema zaidi yakionekana yamebadilika rangi.

Anayeagiza mashine iliyokwisha kuundwa Mombasa asikubali isafirishwe ikiwa na maji. Itatikiswa ndani ya basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, itashushwa kwenye boti, na kutoka gatini itapanda punda hadi mlangoni kwake. Imwagwe maji yote, midomo ifungwe kwa vizibo, kadi ya picha itolewe na kufungwa kivyake kwa sababu bloku ya shaba huifanya iwe nzito kuliko kishikizo chake kinavyoweza kuhimili, na jaribio la hewa lirudiwe mashine ikifika, kabla tone la kwanza halijaingia.