Soya haitaki kulowekwa siku mbili, inataka maji ya moto

Naandika hii ili nikiulizwa tena kwa nini maziwa ya soya ya nyumbani yananuka, niwe natuma kiungo tu. Harufu ya maharage mabichi kwenye maziwa ya soya haitokani na kuloweka kidogo. Familia isiyokula nyama ikitafuta maziwa ya bei nafuu hupewa ushauri uleule: loweka usiku kucha, mwaga, loweka tena, ongeza na siku ya pili. Maziwa yananuka vilevile, watoto wanasusa, na nyumba nzima inarudi kwenye boksi la dukani ikiamini kiwanda kina dawa ya siri. Siri yenyewe kwa sehemu kubwa ni joto.

Chukua punje moja iliyolowekwa, inuse. Karibu haina harufu. Sasa iponde kwa vidole, subiri kidogo, inuse tena: nyasi mbichi! Ndani ya punje mna kimeng'enya (enzaimu) kiitwacho lipoksijenasi, kinachogeuza mafuta ya soya kuwa harufu hiyo, na punje ikiwa nzima kinakaa bila kuyagusa mafuta sana. Ukisaga, unavikutanisha vyote viwili na maji na hewa, na harufu inazaliwa palepale kwenye blenda. Kwa hiyo hata uloweke saa 40, hujagusa chanzo. Kuchemsha baadaye nako kunaua kimeng'enya ambacho kimeshamaliza kazi yake, na harufu imeshaganda kwenye protini. Maji yamekwisha kumwagika, hayazoleki. Vanila haiondoi kitu. Unapata maharage yenye vanila.

Loweka ili punje ilainike isagike, basi. Saa 8 hadi 12 penye ubaridi, saa 6 penye joto. Ukiona povu na kusikia uchachu, umepitiliza.

Kipimo changu ni gramu 125 za soya kavu kwa lita moja ya maji. Chagua punje nzima, za msimu wa karibuni. Zilizopasuka zimeshaanza kuharibika zikiwa guniani. Maganda ukitaka toa, hayanikoseshi usingizi.

Kusaga kwa moto ndiko wengi wanakokosea, kisha wanasema njia yenyewe ni uongo. Kimeng'enya kinazimika mchanganyiko ukiwa juu ya nyuzijoto 80 wakati wa kusaga. Gramu 125 zikishalowekwa zinakaribia 280, tena za baridi. Ukizimwagia maji yaliyochemka ndani ya jagi la baridi, joto linashuka chini ya 80 kabla hujabonyeza swichi. Kwa hiyo mwagia soya maji yanayochemka kwanza, ziache dakika mbili, yamwage. Pasha jagi kwa maji ya moto. Ndipo usage, kwa maji mengine yanayotokota, nusu jagi kwa awamu. Usifunge kifuniko kikaziba kabisa: mvuke hukirusha pamoja na uji wa moto. Acha tundu wazi, funika kwa kitambaa kikavu. Jagi lisiloandikwa kuwa linahimili joto usilitumie kwa njia hii.

Mwenye jagi la namna hiyo achemshe punje zilizolowekwa dakika 5 kwanza, ndipo asage kwa maji ya kawaida. Harufu inapungua sana, ila protini inaganda ndani ya punje na nyingi inabaki kwenye machicha, hivyo maziwa yanakuwa mepesi. Kwa jiko lenye watoto wanaozungukazunguka nasita kusema ipi ni bora. Kuna siku nasema hii, kuna siku nasema ile.

Kisha chemsha, na hapa soya inadanganya. Hata kabla ya kufika nyuzijoto 100, povu linapanda ghafla hadi ukingoni, na mtu anazima jiko akidhani yamechemka. Bado. Hilo ni povu la saponini, kitu cha asili ndani ya soya kinachotoa povu kama sabuni. Tumia sufuria kubwa, punguza moto, koroga kwa mwiko ukikwangua chini yasishike, na yakianza kuchemka kweli yahesabie dakika 15. Sababu ni vizuizi vya tripsini, vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Kwa nini 15 na si 10 au 20? Ni mapatano yangu tu: vizuizi havimaliziki vyote kwa kuchemsha, na kila dakika ya ziada inakula kuni au gesi. Chuja yangali moto kwa kitambaa, kamua sana. Kilo moja ya soya hutoa takribani lita 8. Yapoe haraka, yaingie kwenye friji, yaishe ndani ya siku 3.

Unga wa soya iliyokaangwa? Ni uji huo. Joto kavu limeshaifanya protini isiyeyuke vizuri, inatuama chini.

Kwa wanaonunua: bei ya lita peke yake haikuambii kitu. Tazama gramu za protini kwa mililita 100. Gramu 3 na kuendelea ni maziwa ya maana. Penye gramu 1 unalipia maji na sukari.

Jambo moja boksi linatushinda. Maziwa ya nyumbani yana kalsiamu kidogo na hayana vitamini B12 kabisa. Familia inayotumia mayai na maziwa ya ng'ombe ina pa kuzipatia. Isiyogusa chochote cha mnyama inahitaji yaliyoongezewa virutubisho, au vidonge vya B12. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimpe maziwa haya, ya nyumbani wala ya boksi, badala ya ziwa la mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga. Kwa bajeti ndogo, ya nyumbani yaende kwenye kupikia, ya boksi yaliyoongezewa kalsiamu yawe ya kunywa. Na boksi litikiseni kila mnapomimina, maana kalsiamu hiyo hutuama chini, na wa kwanza kumimina anakunywa maziwa yenye kidogo tu.