Neno "detail" halina mkia: dhana potofu na ukweli wake

Kwenye simu za watu wa mjini neno hili limeshahamia kabisa. "Nitumie details," anaandika dalali wa vyumba, na mpangaji anajua anatakiwa kutaja jina, namba ya simu na kiasi alichonacho mfukoni. Mimi natafsiri kwa riziki, nakutana nalo karibu kila ukurasa, na kwa miaka mingi nililitafsiri kwa namna moja tu: maelezo ya kina. Halafu siku moja likaniumbua. Nitafika huko. Kwanza tuondoe takataka zilizolizunguka.

Dhana: limetoka kwenye "tail", yaani mkia

Nilifundishwa hivyo shuleni, mkia ukachorwa ubaoni kwa chaki: kutoa detail ni kulifuata jambo mpaka mkiani. Hadithi tamu, lakini ya uongo. Neno la Kiingereza la mkia wa mnyama ni la kwao wenyewe, wanalo tangu Kiingereza cha kale. "Detail" waliliazima kwa Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na huko mzizi wake ni tailler, kukata. Ukiweka de- mbele unapata détailler, kukata vipandevipande. Wafaransa nao walirithi kutoka Kilatini, ambako talea ni kijiti kilichokatwa, au kipandikizi, kama ile pingili ya muhogo unayoichomeka ardhini ikachipua.

Wala tusijione wajinga peke yetu kwa kuuona mkia mahali usipokuwapo. Waingereza wenyewe walitumbukia shimo hilohilo. "Curtail", kupunguza, lilianzia kwenye curtal, farasi aliyekatwa mkia, na curtal yenyewe imejengwa juu ya neno la Kifaransa lenye maana ya "fupi". Watu wakausikia mkia mwishoni mwa neno, wakageuza tahajia ili uonekane vizuri.

Dhana: "detail", "retail" na "tailor" zimefanana kwa bahati tu

Ni ndugu wa tumbo moja. Simama Kariakoo mbele ya duka la vitambaa uangalie. Mwenye duka anashusha jora, analibingirisha juu ya meza, anapima mita tatu kwa fimbo yake, anatia alama kwa kucha. Anakata kidogo kwa mkasi, kisha anararua kwa mikono miwili, krrr, mpaka ukingo wa pili. Familia nzima imo katika kitendo hicho kimoja. Kumkatia mteja kipande kutoka kwenye mzigo mkubwa ndiko kulikozaa "retail", kuuza rejareja. Fundi atakayekipokea kipande na kukikata tena kwa vipimo vyako ni "tailor", maana yake mkataji. Sisi tunamwita mshonaji, kana kwamba kazi yake yote ni sindano na uzi, lakini katika jina lake la Kiingereza sindano haimo kabisa. Lina mkasi tu. Na mtu anayelisimulia jambo kipande baada ya kipande, badala ya kulimwaga zima, analitoa "in detail".

Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi anashangaa hapa naeleza nini, kwa sababu kwake neno halijawahi kutoka dukani. Amelisoma kwenye kuta za maduka tangu utotoni: en gros et en détail, jumla na rejareja. Ule upande wa jumla nao ulivuka bahari ukampa Mwingereza "grocer", ambaye zamani alikuwa muuzaji wa mizigo mikubwa. Leo ndiye anayekupimia nusu kilo ya sukari. Maneno nayo hufilisika.

Ndugu wa nne Wakenya wanamjua vizuri, maana kila uchaguzi mkuu wanakesha wakimsubiri: "tallying", kujumlisha kura. "Tally" kilikuwa kijiti chenyewe, talea ya Kilatini. Kwa karne nyingi hazina ya wafalme wa Uingereza iliweka hesabu zake kwa kukata alama kwenye vijiti. Mkato wenye unene wa kiganja ulikuwa pauni elfu moja, wa dole gumba pauni mia, wa kidole cha mwisho pauni ishirini, na wa punje ya shayiri iliyoiva pauni moja. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu yake. Siku ya kuhesabiana nusu mbili zilikutanishwa. Mikato isipooana, kuna mtu ameongeza au amechonga. Mwaka 1782 Bunge lilipitisha sheria ya kuviacha, lakini havikuachwa hasa mpaka 1826, na mwaka 1834 ikatoka amri marundo yaliyobaki yachomwe katika tanuri za House of Lords. Moto ukapanda kwenye mabomba ya moshi. Usiku wa tarehe 16 Oktoba sehemu kubwa ya jengo la Bunge pale Westminster ikateketea. Jengo maarufu tunaloliona leo kwenye picha za London lilijengwa baada ya moto huo wa vijiti.

Dhana: detail ni jambo dogo

Leo ndivyo linavyotumika. Bosi akisema hilo ni "detail" tu, maana yake usimsumbue. Lakini Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alilifasiri kuwa ni masimulizi yenyewe, yaliyopangwa kipengele kwa kipengele. Mtu wa karne ile aliweza kuandika "a detail" ya vita nzima, na msomaji akategemea kurasa mia. Kwa hiyo lilianza kama namna ya kueleza, likawa maelezo yenyewe, baadaye likawa sehemu moja ndani ya maelezo, na mwisho likashuka cheo hadi sehemu isiyo na uzito. Udogo ni nyongeza ya baadaye. Ukimwomba mchinjaji kipande, kinaweza kuwa cha robo kilo au paja zima.

Nikiwa hapa niseme neno kuhusu upande wetu, kwa sababu ndipo kosa langu lilipoanzia. "Kwa kina" ni lugha ya majini: kuna juu na kuna chini, na anayetaka kujua apige mbizi. Hakuna anayekata kitu. Neno letu lililo karibu zaidi na mkasi wa Mfaransa, kwa maoni yangu, ni kuchambua. Msimu wa karafuu, Pemba, wanawake wanakaa mkekani na rundo la vishada mbele yao. Kishada kinabanwa kiganjani, kinasokotwa, karafuu zinaangukia upande huu na makonyo upande ule, harufu inapanda mpaka macho yanawasha. Makonyo nayo hayatupwi. Yanauzwa, yanakamuliwa mafuta. Mchambuzi wa siasa redioni anafanya kazi ya yule mama, ila bila harufu, na makonyo mara nyingi anatuachia sisi. Kuchanganua nako kunafaa: ni kinyume cha kuchanganya, kurudisha kila kitu mahali pake. Na kuna "kinaganaga", neno zuri ambalo nimeliona likiachwa taratibu na magazeti kwa ajili ya hicho kina.

Dhana: ule msemo wa shetani kujificha kwenye "details" umo kwenye Biblia

Haumo. Tena aliyetangulia kukaa humo ni Mungu. Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa wa Hamburg, aliufanya usemi wa Kijerumani kwamba Mungu mwema yumo ndani ya detail kuwa kauli ya semina yake mwaka 1925. Msanifu majengo Mies van der Rohe amebandikwa usemi huohuo mara nyingi, na mwandishi Mfaransa Flaubert pia, ingawa waliomtaja Flaubert hawajauonyesha katika maandishi yake. Shetani alikuja baadaye akachukua chumba.

Wanaotafsiri "shetani yumo kwenye maelezo" wananikera kidogo. Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba kueleza ndiko kwenye mkosi, kwamba ni heri kunyamaza. Shetani wa Waingereza anakaa kwenye vipengele vya mkataba, pale kwenye herufi ndogo. Waliosema usione vyaelea, vimeundwa walikuwa wanaangalia mahali palepale, kwenye misumari na kalafati ya jahazi, na hawakumhitaji shetani.

Dhana: jeshini neno hili ni lingine kabisa

Ni lilelile. Karne ya 18 "detail" ilikuwa mgawanyo wa kazi za siku katika kikosi: wewe lindo, wewe kuni, wewe farasi. Amri moja kubwa inakatwa, kila mtu anapewa kipande chake. Baadaye jina likahamia kwa watu waliopewa kipande hicho, ndiyo maana walinzi wa rais huitwa hivyo kwa Kiingereza hata leo. Kwa Kiswahili tungesema zamu. Na wale waosha magari walioandika "detailing" ukutani na kukuongezea bei, wakisugua tundu za feni kwa mswaki wa meno, nao hawajakosea: gari linasafishwa kipande kwa kipande.

Dhana: "defeat in detail" ni kushindwa vibaya

Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa natafsiri makala kuhusu vita vya Napoleon kaskazini mwa Italia, mwaka 1796. Alikuwa na majeshi mawili mbele yake, la Austria na la Piedmont, dola ya kaskazini-magharibi mwa Italia, na yakiungana yangemzidi. Mwezi Aprili akapenya katikati yao, akawapiga Waaustria wakarudi nyuma, kisha akawageukia Wapiedmont. Tarehe 28 mwezi huohuo Piedmont ilitia saini ya kusimamisha mapigano pale Cherasco. Waingereza wana jina la mbinu hiyo: "defeat in detail". Mimi nikaandika kwamba maadui "walishindwa vibaya mno, kwa kila namna". Ikachapishwa hivyo.

Mstaafu mmoja wa jeshi akapiga simu. Hakufoka. Aliniuliza tu: kama walishindwa kwa kila namna, mbona Waaustria waliendelea kupigana mwaka mzima? Nikarudi kwenye maandishi, nikatazama ile sentensi, nikaona jora na mkasi. Napoleon hakulibeba jora zima. Alilikata, akamaliza kipande kimoja, akachukua cha pili.

Makala ilipochapwa upya niliandika "aliwapiga kundi mojamoja, kabla hawajaungana". Mhariri akaizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: mbona umepunguza makali?