Milima ya Transantarctic haikuzaliwa na mgongano

Wengi tulifundishwa kwamba milima mirefu huzaliwa mabamba ya gamba la dunia yanapogongana, kama Himalaya. Basi mtu akisikia habari za Transantarctic, safu ya kilomita zaidi ya 3,000 inayoikata Antaktika, hudhani ni vivyo hivyo. Sivyo.

Tazama kuta zake kando ya mto wa barafu wa Beardmore. Matabaka ya mawe ya mchanga yamelala karibu bapa, kama mikeka iliyopangwa dukani, na katikati yake imepita mikanda myeusi ya magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliyopenya na kuganda miaka milioni 180 hivi iliyopita. Mgongano ungeyakunjakunja! Yaliyokunjwa yako chini kabisa, nayo ni masalia ya milima mingine, ya kale mno, iliyokwisha kumomonyoka.

Kilichotokea ni kinyume cha kugongana: upande wa Antaktika Magharibi gamba lilivutwa, likawa jembamba, likadidimia, na ukingo wa ufa uliotokea hapo ukapanda, hasa kuanzia miaka milioni 55 hivi iliyopita. Kisha mito ya maji na ya barafu ikachimba mabonde, mzigo ukapungua, vilele vikazidi kuinuka. Mlima Kirkpatrick umefika mita 4,528. Rwenzori yetu nayo ilipandishwa na ufa.