Habakuki hakuanza na "walakini"

Bwana Yesu asifiwe. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Nimetoka msibani, na kwa mara nyingine nimemsikia mtoa neno, maiki mkononi, akimwambia mfiwa aliyekaa mkekani: "Mama, futa machozi. Kazi ya Mungu haina makosa. Neno linasema furahini siku zote. Ukilia hivi unamfurahisha shetani." Watu wakaitika amina. Mama wa watu akajifuta kwa khanga, akanyamaza, na mtoa neno akarudi kwenye kiti chake akiamini kafariji.

Mimi ni mchungaji hapa Dodoma. Anayedhani kazi hii iko madhabahuni aje ashinde na mimi wiki moja: ni turubai la msiba, ni wodi, ni nyumba ambayo mvua imekata na ghala ni tupu. Huko kote nakutana na imani ileile, kwamba ukiwa na Mungu hulii, na ukilia basi imani yako imepungua. Mambo mepesi nayapita haraka. Yesu alilia akielekea kaburi la Lazaro huku akijua kwamba baada ya dakika chache anamtoa. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwaandikia wasihuzunike. Ninyi mnaosoma nusu ya mstari na kuacha nusu, nawajua.

Sasa tuje kwa Ayubu, yule aliyepoteza mifugo na watoto wake wote siku moja, maana yeye ndiye anayeonewa zaidi. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Hakuna msiba hapa kwetu unaokwisha bila maneno hayo, kuanzia kwa msoma ratiba hadi mwakilishi wa wafanyakazi wenzake marehemu. Ni maneno ya sura ya 1. Kitabu kina sura 42. Sura ya 3 huyohuyo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo anabishana na Mungu waziwazi, kwa maneno ambayo angeyasema kwenye maiki leo angeombewa kwa kuwekewa mikono. Rafiki zake ndio wanaosema yale tunayoyapenda: Mungu hakosei, tubu, kubali, utarudishiwa. Mahubiri safi kabisa! Halafu sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu.

Na angalieni nani alisema "Bwana alitoa". Alisema mwenye watoto waliokufa. Hakuna jirani aliyekuja kumsomea. Neno lile likitoka kwa mfiwa mwenyewe ni ibada, na mimi huitikia amina kwa moyo wote. Likitoka kwa mtu ambaye watoto wake wote wako nyumbani wanakula, sijui ni nini, lakini ibada siyo. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na ndilo naona halisemwi. Mengi ya maneno makubwa ya furaha katika Biblia yametoka vinywani mwa watu waliokuwa ndani ya shida wakati huohuo. Hata "furahini katika Bwana siku zote" ya Wafilipi iliandikwa na mtu aliye kifungoni. Tena katika barua hiyohiyo, sura ya 2, Paulo anasema mwenzake Epafrodito aliugua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia ili yeye Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Yaani alikuwa na huzuni tayari, na anaitaja bila aibu. Furaha na huzuni zimelala karatasi moja.

Mwenye kujua Habakuki, nabii wa Agano la Kale, amekwisha kuniuliza: mbona humtaji? Namtaja sasa, na kwake nitakaa kidogo.

Habakuki 3:17-18, pale anaposema kwamba hata mtini usipochanua, mzabibu na mzeituni visipozaa, mashamba yasipotoa chakula na zizi likiwa tupu, yeye atamfurahia Bwana, inapendwa sana, na kwaya zinaiimba. Ukiisoma Dar es Salaam ni ushairi mzuri. Isome Chamwino, hapa mkoani Dodoma, mwezi Februari, mvua zilizoanza Desemba zimekatika na uwele umesimama magotini ukinyauka, ni taarifa ya bwana shamba. Mtini hatuna, mzeituni hatuna, lakini mizabibu isiyozaa? Huu ni mkoa wa zabibu, hatuhitaji mfasiri. Na ule mpangilio wake si wa bahati. Anaanza na matunda, anakuja kwenye mashamba ya chakula, anamalizia na zizi. Mgogo yeyote anaujua mteremko huo. Matunda yakikosa utaishi. Nafaka ikikosa, unatoa mbuzi mnadani, mwaka ukizidi kubana unatoa ng'ombe. Zizi likiwa tupu hakuna tena cha kutoa. Habakuki anateremka hadi pale ambapo hakuna kitu chini yake, ndipo anasema: walakini nitamfurahia Bwana.

Wanachoruka watu ni mstari wa 16, ule wa juu yake tu. Tumbo linatetemeka, midomo inatikisika, mifupa imekuwa kama inaoza. Mtu huyu anatetemeka mwili mzima, na katikati ya kutetemeka anasema nitafurahi. Wala hakufika hapo kwa siku moja. Kitabu kinafunguka na malalamiko: nilie hata lini, nawe hutaki kusikia? Mungu anamjibu, na jibu lenyewe ni baya kuliko swali, kwamba Wakaldayo, jeshi la Babeli, wanakuja. Habakuki anagomba tena. Sura ya 2 anapanda kwenye mnara wake wa zamu kungoja ataambiwa nini. Sura nzima mbili za kugombana na kungoja ziko kabla ya ile "walakini", na sisi tunataka mfiwa aifikie kabla jeneza halijatoka ndani.

Jambo jingine: hadi kitabu kinakwisha, hakuna kilichobadilika. Mvua haijanyesha na Wakaldayo hawajageuza njia. Habakuki hafurahii njaa, wala hasemi njaa ni nzuri kwa sababu Mungu anajua. Anamfurahia Mungu wa wokovu wake, njaa ikiwa palepale na ikiitwa njaa.

Hapo ndipo ninapogombana na "kazi ya Mungu haina makosa". Wazee wetu walisimuliwa habari za Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo, nchi hii ya Wagogo, kati ya 1917 na 1920. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Lakini kabla yake na wakati wake majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za watu na kuwaswaga wanaume kubeba mizigo. Watu wakafa kwa wingi, wengine wakatawanyika. Ukisimama juu ya kaburi la mwaka ule ukasema kazi ya Mungu haina makosa, umemfichia nani makosa yake? Vivyo hivyo kijana akigongwa na dereva mlevi, hiyo ni kazi ya dereva mlevi. Msimbandikie Mungu.

Nimeandika aya hiyo kwa kujiamini, na sasa niseme mahali inaponivunjikia. Ayubu mwenyewe hakugawa hivyo. Ng'ombe wake na punda walichukuliwa na wavamizi, ngamia wakachukuliwa na Wakaldayo, na yeye hakuwataja hata mmoja. Alisema Bwana ametwaa. Na maandiko yanasema katika hilo hakufanya dhambi. Kwa hiyo mstari wangu mzuri kati ya kazi ya Mungu na kazi ya watu, yeye aliuvuka tu akaendelea kusujudu. Nimelizungukia jambo hili miaka mingi, chuoni na nje ya chuo. Sina jibu ninaloweza kulisimamia mbele ya mama mwenye msiba, na wenzangu wachungaji wenye jibu huwa naona wanalitoa haraka mno.

Silijui pia hili: kwa nini wengine hufika kwenye "walakini" na wengine hawafiki. Nimeona kina mama ambao usiku wa matanga, katikati ya kilio, mmoja anakumbuka kituko cha marehemu, wanacheka hadi wanaegemeana, kisha wanaanza wimbo bila kuambiwa na mtu, na mfiwa anaimba kwa sauti kuliko wote. Je, ile ni furaha ya Roho Mtakatifu au ni uchovu wa siku kadhaa bila usingizi? Mimi ninayelipwa kujua sijui kuzitenganisha kila mara. Na nimeona waumini waaminifu, watu wa sala, wakakaa miaka bila kuimba. Zaburi 13 inaanza na "hata lini" na kufikia mstari wa 5 mtunzi ameshatumaini. Zaburi 88 haifiki. Inaisha gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mstari wa kuipendezesha. Waliiacha hivyo ikaimbwa hekaluni. Na Habakuki naye anamaliza kwa kumkabidhi utenzi wake mwimbishaji na vyombo vya nyuzi, pamoja na ule mstari wa kutetemeka.

Basi ninyi mnaopewa maiki. Rafiki za Ayubu walikaa chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Yaliharibika walipofungua kinywa. Mfiwa akisema mwenyewe "Bwana alitoa", itikieni. Asiposema, msimlishe. Kwaya, mapambio ya kuchezea acheni mpaka wenye msiba waanze wao. Na ratiba ikikupa dakika kumi za neno la faraja, mbili zinatosha kusoma Zaburi 13 yote, mstari wa 1 ukiwemo. Nane zinazobaki waachie kina mama.