Mama aliyejifungua akiwa na zaidi ya miaka 35 na ulazima wa kurudi kliniki

Katika wodi za wazazi hapa Dodoma linajirudia lalamiko kwamba mama aliyejifungua salama anazuiliwa saa 24 bila sababu, kisha anasumbuliwa kwa kutakiwa kurudi kliniki mara kwa mara. Wanaolalamika mara nyingi ni ndugu wa akina mama waliovuka miaka 35, na hoja yao ni kwamba mzazi huyu ameshazaa watano na uzazi anaujua. Nia yao ni njema, lakini kitabibu hoja hiyo haina msingi kabisa.

Mji wa mimba uliobeba mimba nyingi huweza kushindwa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, na mishipa ikibaki wazi mama huvuja damu kwa kasi. Kwa sababu hiyo mama wa uzao wa tano na kuendelea tunamweka katika kundi la hatari, hata kama mara zote nne alijifungua bila shida. Maumivu ya chango, ambayo kwake huwa makali zaidi anaponyonyesha, ni ishara kwamba mji wa mimba unarudi katika ukubwa wake wa kawaida, na hayapaswi kumtia hofu.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni shinikizo la damu, ambalo huwapata zaidi wenye umri huu. Wengi bado wanaamini kwamba kifafa cha mimba, yaani degedege linaloambatana na shinikizo hilo, huisha mtoto akishatoka. Sivyo. Shinikizo huweza kufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mzazi ameshafika nyumbani Bahi au Mpwapwa, na huweza kumpata hata ambaye hakuwa na tatizo hilo katika ujauzito wote. Kipimo cha 140/90 kinahitaji kufuatiliwa. Cha 160/110 ni dharura. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na maumivu chini ya mbavu si uchovu wala kijicho cha jirani, na kumkanda mama kwa maji ya moto kunampotezea muda ambao hana. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, damu huenda imeganda, naye aje siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ratiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ifuatwe: saa 24 za mwanzo, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Aliyepata kisukari cha mimba apimwe tena sukari kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, hata akijisikia mzima.

Lipo jambo ambalo akina mama wengi hulificha, nalo ni mkojo kuchuruzika wanapokohoa au kuinua ndoo. Si aibu, na si lazima kuzoea. Mkunga atamfundisha mama mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, ambayo hufanyika hata akiwa ameketi akinyonyesha, lakini huhitaji wiki nyingi ili yalete nafuu.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua mpaka mtaalamu wa afya athibitishe kwamba anaweza, na uthibitisho huo si wa kutolewa na mwajiri wala mume.

Dharura ikitokea ndani ya siku 42, ndugu wapige 115 bila malipo ili usafiri wa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi, uratibiwe, wakitaja kijiji na kituo cha afya kilicho karibu. Wasisubiri kupambazuke.